Mikoba Mitano ya Shangazi

"Na huu nao umekatika wapi?"

"Hapa, Fundi. Kwenye mshikio."

"Umekatikaje?"

"Wenyewe tu. Nimeunyanyua hivi, ukaachia."

Fundi aliupokea mkoba kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto wa watu, akaulaza juu ya taulo jeupe lililotandikwa kwenye meza ya kulia chakula. Tuiite meza ya kulia chakula kwa heshima ya waliomo. Ukweli ni kwamba palikuwa na brashi tatu za manyoya laini, kopo la sabuni ya ngozi, kopo la mafuta ya ngozi, donge la nta, sindano za kila ukubwa, msharasi wa kutobolea, vibanio vya nguo vya kushikilia gundi ikauke, na kioo cha kukuzia chenye mguu wake, kipana kama kisosi. Sahani zilihamishwa mwaka juzi. Fundi na mama yake walikuwa wanakula magotini, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Mama, kila siku.

Mkoba wenyewe ulikuwa mzee kuliko Fundi. Ngozi nene ya rangi ya kahawa iliyokolea, kifungo cha shaba, bitana ya hariri iliyofifia lakini bado inateleza. Fundi aliufungua, akaunusa ndani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Ni wa tano huu," alisema.

"Wa tano?" Mteja alishangaa kama mtu aliyesikia idadi ya nyota. "Jamani. Vitu vya zamani."

"Vitu vya zamani ndivyo vinavyodumu."

"Basi vimechoka vyote kwa pamoja."

Mteja huyu kwa kazi alikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Mtu akisema gari lake limeungua lenyewe, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kulizunguka taratibu na kuuliza, kwa upole mkubwa, ni kwa nini redio ilitolewa kabla ya moto. Alikuwa na macho makali, sauti ya chini, na masikio yaliyosimama kidogo, kama yanasubiri kuitwa. Kwa Fundi na mama yake jina lake lilikuwa Bwana Bima.

"Kaa unywe chai," Fundi alisema.

"Nisikucheleweshe."

"Umeshakaa."

Ni kweli, alikuwa ameshakaa. Alikunywa vikombe viwili, akasimulia habari ya mzee mmoja aliyedai fidia ya ng'ombe ambaye bado alikuwa anakamuliwa, Fundi akacheka mpaka akaiweka sindano chini. Kisha akaaga. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Haya," akaenda.

"Ameondoka?" Mama aliuliza kutoka jikoni, ingawa alikuwa amemsindikiza kwa macho dirishani mpaka kona ya mwisho.

"Ameondoka."

"Na leo umetazama?"

Fundi alikuwa ameshauweka mshono chini ya kioo. Alikuwa anatazama tangu mkoba wa pili. Uzi uliochakaa wenyewe huwa na ncha kama ufagio mkuukuu: nyuzinyuzi zimesimama kila upande, nyingine ndefu, nyingine fupi, kwa sababu kila moja imekufa kwa siku yake. Hizi hapa zilikuwa zimelala sawasawa kama majani yaliyofyekwa.

"Wembe," alisema.

"Tena!" Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, mtu anakata mikoba mitano ili aje kukuona. Marehemu baba yako hakunikatia hata kucha."

"Mama, mtu anayeharibu vitu unamchekea?"

"Namchekea kwa sababu anakuchekesha. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu yule mwenye msumeno."

Yule mwenye msumeno alikuwa mchumba wa kwanza wa Fundi, na alikuwa na kipaji. Kila kitu cha Fundi kilichoharibika kilimkuta yeye karibu na yuko tayari. Kandambili ikikatika, ana gundi. Simu ikizima, anamjua mtu. Fundi alimshukuru kwa miaka miwili mizima, mpaka siku kisigino cha kiatu chake kilipong'oka mbele ya watu, akakuta kimekatwa nusu, na msumeno mdogo umo kwenye mfuko wa koti la mchumba, unga wa kisigino bado ukiwa kwenye meno yake. "Nilitaka unihitaji," mchumba alisema, na alisema kwa machozi. Fundi alirudisha pete. Akajifundisha kutengeneza vitu vyake mwenyewe, kisha vya watu, na tangu siku hiyo akaapa kwamba mtu anayevunja ili aonekane hatavuka kizingiti chake.

Na sasa huyu alikuwa amevuka kizingiti mara tano, na akiondoka nyumba inapoa.

"Kwanza," Fundi alisema, "hatujui hata mikoba ni ya nani. Huenda ana mke. Huenda kuna mwanamke mahali anafungua kabati na kulia."

"Muulize."

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, Fundi alimwandikia.

*Mikoba hii ni ya nani?*

Jibu lilikawia mpaka Mama akaacha kujifanya anasoma gazeti.

*Ya shangazi yangu. Naishi kwake. Kwa nini?*

*Najaza kadi ya mkoba.*

*Mbona kwenye kadi nne za kwanza hukuniuliza?*

"Mkaguzi ni mkaguzi," Mama alisema, akisoma juu ya bega.

Fundi aliweka simu kifudifudi. Simu ikatetemeka tena.

*Fundi, Jumamosi saa nne naweza kuja bila mkoba?*

Aliusoma ujumbe ule mara tatu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, na alichukia kwamba Mama anausikia.

"Mwandikie: njoo," Mama alisema.

*Njoo. Lakini tutazungumza.*

"Hilo tutazungumza limetoka wapi? Unamwalika mtu au unamwita kituoni?"

"Nitamwambia najua. Nione atasema nini."

"Akisema vizuri?"

Fundi alichukua brashi, akaanza kuupangusa mkoba vumbi, taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati. "Nione kwanza atasema nini."

* * *

Alhamisi asubuhi mtu alibisha hodi kwa mapigo matatu yenye nafasi sawa.

"Karibu."

Aliyeingia alikuwa mama mrefu wa miaka sabini na kitu, miwani kwenye mnyororo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa pembe zilizopimwa. Kwapani alikuwa na mkoba mweusi. Fundi aliutambua kabla hajamtambua mwenyewe: ulikuwa wa kwanza kati ya ile mitano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nilitegemea mwanaume mwenye tumbo."

"Tumbo lipo njiani. Karibu ukae."

Mgeni alikaa, akafungua mfuko mdogo wa ndani ya mkoba, akatoa kadi. Kila mkoba uliotoka pale ulitoka na kadi: tarehe, kilichotengenezwa, na nyumba ilipo.

"Nimekuta hii. Mimi ni shangazi wa yule anayekuletea mikoba. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nitakuuliza swali moja na ujibu lililoulizwa. Usinihurumie."

"Uliza, Shangazi."

"Mkoba huu ulipofika hapa, ulikuwa umeharibika kweli?"

"Ndiyo. Mshikio ulikuwa umeachia upande mmoja."

Shangazi aliegemea kiti. Uso wake haukubadilika, ila mkono uliokuwa juu ya mkoba ulianza kuupapasa, kama unautuliza.

"Basi ni kweli," alisema.

"Kweli nini?"

"Kwamba akili imeanza kuniaga." Alisema bila kupandisha sauti. "Mikoba yangu naijua, mwanangu. Iko kumi na mmoja. Kila hakimu wangu alipohamishwa nilijinunulia mmoja, kusherehekea au kujifariji, ilitegemea hakimu. Naipanga juu ya kabati, naipaka mafuta kila baada ya miezi mitatu. Hakuna uliokuwa na tatizo. Mara naukuta huu una uzi mpya. Nikamuuliza mtoto wa kaka yangu. Akacheka, akasema, 'Shangazi, si ulikatika siku nyingi? Umesahau tu.' Nikasema sawa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu sikuuliza tena. Nikaanza kuandika."

Alitoa kijitabu chembamba, akakisukuma mezani. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kimahakama.

*Gesi nimefunga. Mlango nimefunga. Dawa ya asubuhi nimekunywa. Gesi nimetazama tena. Gesi nimetazama tena.*

Kurasa kumi na nne za namna hiyo.

"Nimemwambia binti yangu aje anichukue mwisho wa mwezi huu; ameshaninunulia na kitanda. Nyumba tutaifunga. Mtu asiyekumbuka mkoba wake ulikatika lini hawezi kuachiwa jiko."

"Na... mtoto wa kaka yako anasemaje?"

"Sijamwambia. Ataumia. Ni mtoto mwema mno. Ananipelekea mikoba kwa fundi bila hata kuombwa."

Jikoni, mfuniko wa sufuria ulianguka, ukazunguka sakafuni muda mrefu, na hakuna aliyeuokota.

Fundi alitazama mikono yake. Akinyamaza, Jumamosi itafika, atakuja mtu bila mkoba, na huenda atasema maneno ambayo Fundi alikuwa ameyasubiri kwa miezi miwili huku akijidanganya kwamba anasubiri mafuta yakauke. Akisema, Jumamosi hiyo haitakuwa na uso ule tena. Aliwaza hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na akajionea haya kwa pumzi yenyewe.

"Shangazi, sogea hapa. Vaa miwani."

Alikuwa na tabia ya kutotupa uzi. Kila uzi wa zamani aliofumua aliutia kwenye bahasha ndogo yenye tarehe, ili ajue unene wake na rangi yake. Akavuta droo, akatoa bahasha tano, na moja zaidi ya mteja mwingine. Akaanza na hiyo.

"Huu umechakaa wenyewe. Unaona ncha?"

"Kama ufagio."

"Sasa tazama wa kwako."

Shangazi aliinama juu ya kioo. Akakaa hapo muda mrefu.

"Lete wa pili." Fundi akaleta. "Wa tatu." Akaleta. Baada ya wa tano Shangazi alivua miwani.

"Hizi zimekatwa."

"Kwa wembe. Na zote zimekatwa mshazari upande mmoja, mkono umetoka kushoto. Wewe unaandikia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mikoba haikukatika siku nyingi, Shangazi. Hukusahau chochote. Unakumbuka kuliko sisi wote."

Shangazi alichukua kijitabu chake, akakifunga, akakishika kwa mikono yote miwili, na machozi mawili yakashuka, moja kila upande, kwa mpangilio. Aliyafuta kwa ncha ya kitambaa.

"Anaandikia kushoto," alisema hatimaye. "Tangu mdogo. Lakini kwa nini mtoto niliyemlea akate mikoba yangu?"

Mama alitokea jikoni na sinia la chai.

"Dada," alisema, akielekeza kidevu kwa Fundi, "kwa sababu ya kitu hiki hapa."

Shangazi alimtazama Fundi kuanzia nywele mpaka kandambili. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyekuwa amekatazwa kucheka miaka thelathini na mmoja.

"Anarudi lini?"

"Jumamosi saa nne. Bila mkoba."

"Vizuri. Mimi nitafika saa tatu na nusu. Na mikoba."

* * *

Jumamosi, saa nne kasoro dakika mbili, Bwana Bima aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama peke yake, na pakiti ya biskuti mkononi. Mikoba minne ilikuwa imepangwa mezani, wa tano umelala kwenye taulo bila mshikio. Nyuma ya meza alikaa Shangazi. Kulia alikaa Fundi. Kushoto alikaa Mama, akivunja karanga, kwa niaba ya umma.

"Shangazi? Umepajuaje hapa?"

"Umeulizwa swali?"

"Hapana."

"Kaa. Biskuti ziweke pale. Kazi yako ni ipi?"

"Shangazi, si unajua..."

"Kazi yako."

"Mkaguzi wa madai ya bima."

"Mtu akijichomea gari lake akasema limeungua lenyewe, mnamwitaje?"

"Mdanganyifu."

"Na akichoma la shangazi yake?"

Masikio ya Bwana Bima yalibadilika rangi, kwanza moja, halafu la pili likafuata. Alitazama mikoba. Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama sindano.

"Nilikata mimi," alisema. "Yote mitano. Kwa wembe wangu wa kunyolea."

"Kwa sababu gani?"

"Nilikuja mtaani hapa kukagua bomba lililopasuka kwa jirani. Mlango wenu ulikuwa wazi. Nikamsikia mtu anasema, 'Vumilia kidogo, mama, inauma mara moja tu.' Nikachungulia nikidhani kuna mgonjwa. Alikuwa Fundi anauambia mkoba, anauingiza sindano." Sauti ilimshuka. "Nikataka kurudi. Sikuwa na mkoba. Sikujua mtu anarudije mahali bila sababu."

Mama aliacha kuvunja karanga. Fundi alihisi uso unamchoma, na ilikuwa shida kubwa kuukunja.

"Ushahidi wa upande wa pili," Shangazi alisema, akaweka kijitabu mbele yake. "Soma."

Alisoma ukurasa wa kwanza haraka, kama mtu wa makaratasi. Wa pili polepole. Alipofika wa tano aliacha kusoma.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Ni mimi nikijichunga. Uliniambia nimesahau. Nikakuamini. Binti yangu anakuja kunichukua mwisho wa mwezi."

"Nilikuwa... lilikuwa neno tu, Shangazi. Nilitafuta la kusema, nikasema hilo."

"Na mimi nikalala nalo miezi miwili."

Aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemsaidia. Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagika na kunyamaza.

"Uzi," Fundi alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile, "ningekusamehe leo leo. Uzi nashona. Lakini ulimtazama mtu mwenye akili zake ukamwambia hana."

"Sina utetezi, Fundi."

"Nilikuwa na mchumba aliyevunja vitu vyangu ili nimshukuru akivitengeneza. Mpaka leo kitu changu kikivunjika, kwanza natazama nani yuko karibu. Unajua inavyochosha?"

"Nilikuwa sijui."

"Sasa unajua."

Bwana Bima alitoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza sauti ya nje. Alipiga yeye mwenyewe, bila kuambiwa.

"Dada, shikamoo. Mama yako hasahau kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nakata mikoba yake, halafu namwambia amesahau."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu.

"Umekata nini?"

"Mikoba."

"Kwa nini?"

"Kuna fundi."

"Mpe Mama simu. Mama, unampiga wewe au nije nimpige mimi?"

"Nimeshamkalisha," Shangazi alisema. "Usije. Na kitanda ulichoninunulia kirudishe dukani."

Bwana Bima alisimama. "Fundi, naenda. Sitakusumbua tena."

"Nani amekuruhusu?" Shangazi alisema. "Hukumu bado. Mkoba wa tano haujashonwa. Atakayeushona ni aliyeukata, hapa hapa, kila Jumamosi mpaka uishe. Na nyembe zako zote utanikabidhi mimi."

"Nitanyolea nini?"

"Hilo si la mahakama hii."

Fundi alitikisa kichwa. "Shangazi, mimi sitamfundisha mtu kwa ajili ya mapenzi."

"Nani ametaja mapenzi? Mimi nataka mkoba wangu."

* * *

Jumamosi ya kwanza Bwana Bima hakugusa sindano. Alipangusa vumbi. Alipaka sabuni ya ngozi kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakaribia kukauka, kwa miduara midogo, na alipojaribu kuharakisha Fundi alimgonga kidole kwa brashi.

"Ngozi haioshwi kama sufuria. Unaiomba."

"Naiombaje?"

"Kwa kutokuwa na haraka."

Ya pili alipaka mafuta, akajaza mkoba matambara ya pamba ili usipoteze umbo, akauweka kivulini. Ya tatu ndipo Fundi alipompa uzi mmoja na sindano mbili.

"Mbili za nini?"

"Moja kila ncha. Hii inaingia kutoka kulia, hii kutoka kushoto, tundu lile lile. Zinapishana humo ndani. Upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika."

"Kumbe ndiyo maana nilipata taabu ya kukata pande zote mbili."

Fundi alimkazia macho. Mama alikohoa jikoni. Kisha Fundi, bila kupenda, akacheka.

Bwana Bima alijichoma vidole vinne. Alishona mishono sita kwa saa mbili, Fundi akafumua mitano. Ndevu ziliota, kwanza kama uchafu, baadaye kama ndevu. Katikati ya wiki alikuwa anatuma ujumbe, na ujumbe wenyewe haukuwa wa kubembeleza.

*Leo nimevunja kikombe cha Shangazi. Nimemwambia kabla hajauliza.*

*Akasemaje?*

*Amenitolea kijitabu niandike.*

Siku nyingine: *Leo bosi kaniuliza kama nimemaliza ripoti. Nikasema bado. Kashtuka kuliko mimi.*

Fundi alizisoma jumbe hizo akiwa amesimama, akikaa, akichochea mboga. Hakujibu zote. Hakufuta hata moja.

Jumamosi ya saba mshono uliisha. Ulikwenda vizuri mpaka katikati, hapo ukapinda kama unamkwepa mtu, ukarudi njiani, ukamaliza. Shangazi, ambaye kwa wakati ule alikuwa anakuja kunywa chai na Mama kila anapojisikia, aliunyanyua mkoba juu.

"Mbaya sana," alisema kwa fahari.

"Niache niunyooshe," Fundi alisema. "Nusu saa tu."

"Usiguse. Huu nimeuona unashonwa. Kesho mtu akiniambia nimesahau, nitamwonyesha."

Bwana Bima alinawa mikono, akamshukuru Fundi, akamshukuru Mama. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo. Safari hii hakuwa na mkoba wa kurudia, na alionekana anajua. Akasema, "Haya," akaenda.

Jumamosi ya nane hakuja. Fundi alifanya kazi na mlango wazi. Alitengeneza zipu mbili, akabadilisha bitana, akanyanyua kichwa kila kandambili ilipopita nje.

"Mwandikie," Mama alisema.

"Kifungo chake kimeisha. Hana sababu ya kuja."

"Na wewe huna mdomo."

* * *

Jumanne, saa kumi alasiri, alitokea mlangoni anahema, amekumbatia begi lake la kazini kifuani kama mtu aliyeokoa kuku. Mkanda ulikuwa unaburuzika nyuma yake. Makaratasi yalichungulia kila upande. Shangazi na Mama walikuwa mezani na vikombe vyao. Wote walitazama mkanda. Kisha wakamtazama yeye.

"Fundi," alisema. "Huu umekatika wenyewe."

Mama aliweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Kweli kabisa. Nilikuwa navuka barabara. Nimesema moyoni, yaani leo, katika siku zote, leo! Nikataka kupeleka kwa fundi mwingine. Nimefika mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Najua hamtaniamini. Tazama, Fundi. Kioo hicho hapo. Tazama tu."

Alilaza begi juu ya taulo jeupe. Fundi alivuta kioo. Akauinua mkanda mpaka ncha yake ikawa karibu na kioo, na wote wanne wakaacha kupumua.

Hapo Fundi akakisukuma kioo pembeni.

"Sitazami," alisema.

"Tazama, tafadhali."

"Umesema umekatika wenyewe?"

"Wenyewe."

"Basi umekatika wenyewe."

Fundi alimtazama, ndevu zile, jasho lile, masikio yale yaliyosimama yakisubiri. Bwana Bima akakaa kwenye kiti chake cha Jumamosi.

"Fundi, nilikuwa nimepanga nije Jumamosi ijayo. Na shati zuri. Nina jambo la kukuuliza."

"Shati hilo lina nini?"

"Lina jasho."

"Uliza hivyo hivyo."

"Utakubali nikuoe?"

Fundi alikuwa ameshachukua uzi, anaupitisha kwenye nta, mara moja, mara mbili. Aliukata, akatia sindano ya kwanza, akatia ya pili. Ndipo alipojibu, na alijibu akimtazama.

"Nitakubali. Lakini ndevu zinabaki, nyembe zinakaa kwa Shangazi, na siku ukinimisi uje mikono mitupu useme umenimisi."

"Nimekumisi tangu Jumamosi."

"Na mimi. Shika upande huu, nianze kushona."

Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni, kwa sababu huko ndiko alikozoea kusikilizia mambo makubwa, na vigelegele vilitoka huko vikagonga sufuria zote.

Ni Shangazi peke yake aliyebaki kimya. Alikuwa amevuta kioo taratibu mpaka kwake, amevaa miwani, ameinamia ncha ya mkanda wakati hakuna anayemtazama. Alikagua upande wa kwanza. Akageuza, akakagua wa pili. Hakuwa na haraka.

"Ufagio mtupu," alitangaza hatimaye, akivua miwani. "Umechakaa wenyewe. Arusi iendelee."